Damu ngazini, maji bafuni: mapenzi ya "Casino Royale" na deni la Mbale

KASESE/BWERA. Dakika chache tu baada ya filamu ya "Casino Royale" kuanza, maandishi yanajitokeza kwenye skrini: Mbale, Uganda. Mvua inanyesha, matope yamejaa, vijana wenye bunduki wameizunguka kambi ya waasi. Hapo si Mbale. Sehemu hiyo ilipigwa Black Park, msitu ulioko Uingereza jirani na studio za Pinewood. Mtu anayeijua Mbale halisi, mji wa maduka na maghala chini ya Mlima Elgon, njia ya mizigo ya Malaba na Lwakhakha, ataitafuta asiione.

Uongo huo mdogo umesamehewa zamani, kwa sababu katika kambi ile ya kuigiza ndipo linapoanzia jambo ambalo baadaye sana linazaa tukio bora la mapenzi katika filamu zote za James Bond. Mwanamke ameketi sakafuni chini ya shawa, gauni lake la usiku limelowa chapa. Mwanamume anakuja kuketi kando yake bila kuvua shati. Hakuna kitanda na hakuna muziki wa kubembeleza. Kilichowafikisha pale ni maiti mbili zilizolala chini ya ngazi, na mojawapo ni ya yule mwenye kambi ya Mbale.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 14 Novemba 2006. Iliongozwa na Martin Campbell, na ndiyo iliyomleta Daniel Craig kwa mara ya kwanza katika nafasi ya jasusi 007. Imepita miaka mingi, na filamu za mapigano zinazozunguka leo kwenye flashi na simu za vijana wa Kasese na Bwera ni mpya zaidi na zina kelele zaidi. Lakini ni chache zinazothubutu kufanya kile ambacho hii ilifanya: kusimama baada ya mapigano na kuuliza waliobaki hai wanajisikiaje.

Pesa ya amana

Anayeishi kwa biashara ya mpakani ataielewa hadithi hii haraka kuliko mhakiki wa Ulaya, maana mzizi wake ni pesa ya amana.

Steven Obanno ni kiongozi wa waasi. Ana pesa taslimu nyingi na hana mahali salama pa kuziweka. Mtu wa kati, Bwana White, anamletea mwenye benki wa wahalifu aitwaye Le Chiffre. Obanno anamuuliza mgeni wake kama anamwamini Mungu. Le Chiffre anajibu kwamba anachoamini ni faida ya kiasi. Obanno anatoa sharti moja, kwamba pesa yake isiingizwe kwenye hatari yoyote, na mwenye benki anakubali bila kusita. Naye Bwana White anaweka wazi kwamba kazi ya watu wake ni kuwakutanisha tu, hawadhamini zaidi ya hapo. Kila soko lina dalali wa aina hiyo. Anakupeleka kwa mtu, anachukua chake, na siku mambo yakiharibika anakukumbusha kwamba yeye alikupeleka tu.

Kabla matope ya Mbale hayajakauka kwenye viatu vyake, Le Chiffre amekwisha kupiga simu na kuvunja ahadi. Anaagiza ziuzwe hisa za kampuni moja ya ndege ambazo hana, akitegemea bei ianguke ili azinunue kwa bei ya kutupa na kubaki na tofauti. Ana uhakika kwamba bei itaanguka, kwa sababu amepanga ndege mpya ya kampuni hiyo ilipuliwe kwenye uwanja wa Miami. Bond anauzuia mlipuko huo. Kwa usiku mmoja, zaidi ya dola milioni 100 za watu wengine zimeyeyuka.

Ili azirudishe kabla wenyewe hawajaja kudai, Le Chiffre anaandaa mchezo mkubwa wa karata katika hoteli moja ya Montenegro, kila mchezaji akiingia na dola milioni 10. Uingereza inampeleka Bond akamshinde ili abaki bila pa kukimbilia. Pamoja naye anapelekwa Vesper Lynd, mwanamke kutoka hazina ya serikali, anayeigizwa na Eva Green wa Ufaransa. Kazi ya Vesper ni kulinda pesa ya serikali. Hajafundishwa kupigana, na hakuna aliyemwambia kwamba atalazimika.

Katika riwaya ya Ian Fleming iliyotoka mwaka 1953, ambayo ndiyo chimbuko la filamu, Uganda haimo wala Obanno hayumo. Le Chiffre wa kitabuni ametafuna fedha za chama cha wafanyakazi wa Ufaransa kwa kuziingiza kwenye madanguro. Waandishi wa filamu walipoihamisha hadithi hadi karne hii walihitaji mwenye mali mpya, mtu wa kutisha na asiyehitaji maelezo marefu, wakamchukua mwasi wa Afrika. Wakampa jina la Obanno, ambalo wazee wa Bugisu wangelisikia na kuulizana ni la ukoo gani. Tabia ya mweka amana hawakuigusa. Ile ilikuwa imeshatimia tangu kitabuni.

Kwenye ngazi

Mchezo wa karata umesimama kwa mapumziko. Le Chiffre anarudi chumbani kwake na kumkuta Obanno akimsubiri pamoja na mtu wake. Mwasi amesafiri kutoka Afrika hadi Ulaya kudai pesa yake. Namna alivyopita uwanja wa ndege na panga filamu haisemi, na ni afadhali isiseme. Anamkaba mdeni wake. Kisha anaushika mkono wa Valenka, mwanamke wa Le Chiffre, na kuuwekea panga. Le Chiffre anatazama na hasemi neno. Obanno anauachilia mkono, na kabla ya kutoka anamshauri yule mama atafute mwanamume mwingine. Ni sekunde chache tu, lakini ndizo zinazoonyesha kwamba katika chumba kile mkatili kuliko wote si yule aliyeshika panga.

Bond anasikiliza yote hayo akiwa nje, kwa kifaa alichoficha mapema. Mlango unapofunguka, yeye na Vesper wanajikuta uso kwa uso na hatari. Anafanya kinachofanywa katika filamu nyingi za kijasusi: anamvuta Vesper na kumbusu, ili waonekane wapenzi waliojificha. Hilo ndilo busu lao la kwanza, na ni la uongo. Mtu wa Obanno nusura adanganyike, mpaka anapokiona kifaa kwenye sikio la Bond.

Mapigano yanayofuata hayana madaha. Hakuna gari linaloruka wala saa inayotoa miale. Ni wanaume watatu katika nafasi nyembamba, kuta, vyuma vya ngazi na uzito wa miili. Msaidizi anaangushwa kupitia uwazi wa katikati hadi chini. Obanno, anayeigizwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, anashuka na panga, na kila ghorofa wanayoporomoka Bond anazidi kutapakaa damu. Vesper yuko mbele yao, anashuka akikimbia, hana njia nyingine ya kutokea. Mara nyingi katika filamu za zamani za Bond mwanamke angepiga kelele pembeni, au angegeuka ghafla kuwa hodari wa karate. Huyu anafanya kile ambacho mtu wa kawaida angefanya: anakimbia, anajibanza, anatazama.

Mwishowe Bond anamkaba Obanno sakafuni. Inachukua muda mrefu kuliko inavyostahimilika. Mkono wa Obanno unaitafuta bastola, unaipata, na hapo Vesper anaurukia mkono ule na kuubamiza mpaka bastola inatoka. Obanno anakufa. Bond ndiye aliyemuua, lakini bila mikono ya Vesper asingemaliza kazi. Yeye anajua hivyo, na Vesper pia anajua.

Bond anamwambia aende akamtafute Mathis, mwenzao, azishughulikie maiti. Kisha anapanda chumbani, anaosha majeraha, anakunywa pombe kali kwa mkupuo, anajitazama kwenye kioo, anavaa shati jingine na kurudi mezani. Le Chiffre analiona shati jipya na kumtania kama mchezo unamtoa jasho. Bond anajibu kwamba hatajiona yuko taabani mpaka atakapolia damu, kijembe kwa mwenzake ambaye jicho lake moja lina maradhi ya kutoa machozi ya damu. Watazamaji wanacheka. Wanarudishwa kwenye starehe ya filamu, na kwa kitambo wanamsahau yule mwanamke. Hiyo ndiyo hila ya mwongozaji, na ni hila nzuri.

Maji

Usiku umekwisha. Bond anarudi chumbani, anakuta kimya, anasikia maji. Vesper ameketi chini ya shawa na nguo zake zote, amejikunja, anatetemeka. Bond haulizi kuna nini. Anaingia majini na shati lake, anaketi ubavuni mwake, anamweka mkono begani. Vesper anasema damu imebaki mikononi mwake na haitoki. Mikono ni safi, maji yamekwisha kuipitia muda mrefu. Bond anaichukua mikono ile na kuvitia vidole mdomoni, kimoja baada ya kingine, kana kwamba damu ipo na yeye ndiye wa kuiondoa. Kisha anamuuliza kama anasikia baridi, ananyoosha mkono na kuongeza maji ya moto.

Basi. Tukio ni hilo, halifiki dakika mbili.

Mpango wa awali ulikuwa Vesper aonekane na nguo za ndani tu. Craig ndiye aliyepinga, kwa hoja kwamba mtu aliye katika hali ile hasimami kwanza kuvua gauni. Hoja hiyo moja iliokoa filamu. Mwanamke aliyevuliwa angegeuka kitu cha kutazamwa, na mwanamume angekuwa mwindaji aliyekuta mawindo yamechoka. Gauni lililolowa linasema jambo jingine: kwamba alifika pale moja kwa moja kutoka ngazini, na kwamba saa zote ambazo Bond alikuwa akicheza karata na kutupa vijembe, yeye alikuwa bado na maiti wawili.

Tazama pia Bond anachokiacha. Mwanzoni mwa filamu, katika sehemu isiyo na rangi, tunamwona akimuua mtu wake wa kwanza chooni, katikati ya masinki na maji. Ofisa mmoja msaliti anayemsubiri ofisini anaanza kumweleza kwamba mtu wa pili huwa rahisi, na kabla hajamaliza, Bond anampiga risasi na kukubaliana naye. Kauli ile ni ya kibabe na ukumbi huifurahia. Kwenye shawa Bond anakutana na mtu ambaye kwake jambo hili halitakuwa rahisi kamwe, na badala ya kumfundisha ugumu wake yeye, anaketi na kulowa pamoja naye. Busu la ngazini lilikuwa la kazi. Hili la vidole si busu hata kidogo, na ndilo la kweli.

Wapo wanaolifananisha na Lady Macbeth wa Shakespeare, aliyeosha mikono usingizini. Waliosoma tafsiri ya S. S. Mushi, "Makbeth", wataukumbuka ufanano huo. Tofauti ni kwamba Lady Macbeth aliosha peke yake.

Kazi ngumu kwa mtafsiri

Afrika Mashariki imezoea kutazama filamu kwa masikio ya mtu mwingine. Kampala ina ma-VJ wake wanaotafsiri kwa Kiganda, na jina la VJ Jingo linajulikana mbali. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Mpakani Bwera lugha ni nyingi zaidi. Wenyeji wanasema Kikonzo, jamaa zao wa ng'ambo ya mto wanasema Kinande ambacho ni ndugu wa Kikonzo, madereva wanakuja na Kiganda, na biashara ya kati inaenda kwa Kiswahili, cha Uganda na cha Kongo vikikwaruzana na kuelewana.

Mtafsiri hodari ndiye anayeifanya filamu ya kigeni iwe ya nyumbani. Kwenye mapigano ya ngazini kazi yake ni tamu: anampa Obanno matusi, anampa Bond majigambo, anahesabu ghorofa. Lakini kwenye shawa hana la kusema. Maneno ni machache na yanasemwa chini ya sauti ya maji. Ukimya wenyewe ndio ujumbe, na mtafsiri hulipwa ili asinyamaze. Ndiyo sababu sehemu kama hii katika kibanda cha video mara nyingi hufunikwa na mzaha, au mwenye mashine huikimbiza mbele ili wateja warudi kwenye risasi. Anayetaka kuiona ilivyo ni vyema aitafute nakala isiyotafsiriwa, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Hakuna atakachokosa.

Panga la Bwera

Kutoka Mbale hadi Bwera ni kuivuka Uganda nzima, mashariki hadi magharibi. Kutoka mji wa Kasese chini ya Rwenzori, barabara inateremka kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha inakata kulia kuelekea Bwera na daraja la Mto Lubiriha. Upande huu ni Mpondwe, upande wa pili ni Kasindi, Kongo. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, daraja hilo ni mpaka wa ndani wa Jumuiya. Kwa wanawake wanaovuka na samaki wakavu, maharage na mawese, lilikuwa hivyo siku zote, kasoro karatasi.

Huku panga si alama ya uovu. Linauzwa sokoni kando ya majembe, linafyeka magugu kwenye mibuni ya milimani, linakata ndizi. Lakini wilaya ya Kasese inajua pia upande wake mwingine. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe wakitokea Kongo, na vita vilivyofuata vilizihamisha familia nyingi za mlimani. "Casino Royale" ilipoonyeshwa London mara ya kwanza, ilikuwa imepita miaka 10 na siku moja. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji wanaohusishwa na kundi hilohilo waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapohapo Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, baadhi kwa mapanga na wengine kwa moto wa bweni.

Kumtazama Obanno akishuka ngazi, ukiwa Bwera, hakuwezi kuwa sawa na kumtazama ukiwa Montenegro. Mtazamaji wa mbali anaona panga na kusema: hiyo ndiyo Afrika. Mtazamaji wa hapa anaweza kuwa na ndugu aliyekimbia mtu kama Obanno. Hana sababu ya kumlilia. Tena ana haki ya kuuliza kwa nini mwasi huyu amepewa nchi, mji, panga na hasira, lakini hakupewa hata sentensi moja kuhusu watu aliowaibia hizo dola. Pesa ya waasi haioti msituni. Ilitoka kwa mtu mwenye duka, mwenye ng'ombe, mwenye mgodi, mwenye gari lililosimamishwa njiani. Katika deni lote la filamu hii, wadai wa kwanza kabisa hawatajwi.

Lakini mtazamaji huyohuyo ndiye atakayemwamini Vesper kwanza. Watu waliopitia usiku wa aina ile wanajua kwamba mwili hautetemeki wakati wa hatari, unatetemeka baadaye, mlango ukishafungwa na watu wakianza kusema kwamba mambo yametulia. Wanajua pia habari ya shati la Bond. Baada ya kila msiba wa mpakani maduka hufunguliwa tena, magari hupangwa foleni, mtu anabadili nguo na kurudi mezani kwa sababu watoto wanakula kila siku. Anayerudi mezani haraka huitwa jasiri, na anayebaki bafuni huambiwa ajikaze. Filamu hii, ya biashara na ya burudani, iliyoingiza takriban dola milioni 600 duniani, imempa nafasi yule wa bafuni, na ikamfanya yule wa mezani aje kumfuata huko.

Mpondwe ina kumbukumbu yake pia kuhusu mikono na maji. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulipovuka kutoka Kongo na wagonjwa kupokelewa hospitali ya Bwera, kila mpita njia alinawa kwa maji yenye dawa kabla ya kuvuka. Kunawa kule kulikuwa kwa kuogopa kisichoonekana. Vesper naye anaosha kisichoonekana. Tofauti ni kwamba chake hakuna dawa ya kukiua.

Buti la gari

Sehemu moja inapita haraka na wengi huisahau. Baada ya usiku ule, Bond na Mathis wameketi nje wakitazama polisi wakifungua buti la gari la mmoja wa watu wa Le Chiffre. Ndani wamo Obanno na msaidizi wake. Mathis hakuzizika maiti, amezitumia. Waganda wawili wa hadithini wamegeuzwa kidhibiti cha kumtia mtu mwingine pingu, na mzaha unaendelea juu ya meza.

Ni akili nzuri ya kijasusi, na ni sehemu baridi kuliko zote katika filamu. Usiku Vesper hakuweza kuifuta damu ya mtu yule mikononi. Siku iliyofuata damu ileile ni mbinu ya ofisi. Mwongozaji hakuweka sehemu hizi mbili karibukaribu kwa bahati mbaya. Anaonyesha kazi ambayo Bond ameiajiria maisha yake, na kwa nini mwanamke aliyelia chini ya shawa ndiye pekee anayeweza kumfanya afikirie kuiacha. Lakini hakuna anayemuuliza Obanno atazikwa wapi. Filamu imemtumia kama Mathis alivyomtumia.

Mwisho wa hadithi uko Venice, Italia, na hapo pana majibu mawili kwa anayeifuatilia pesa na anayeyafuatilia mapenzi. Vesper, aliyetishwa na watu wa Bwana White kwa ajili ya mwanamume aliyempenda zamani, anawapelekea fedha zote zilizoshindwa kwenye karata. Nyumba inadidimia, na yeye anajifungia ndani ya lifti ya chuma iliyojaa maji. Bond anapenyeza mikono kati ya nondo akijaribu kumtoa. Safari hii Vesper ndiye anayeishika mikono ya Bond na kuibusu, kisha anarudi nyuma na kuacha maji yaingie.

Juu, barazani, Bwana White anaondoka na mkoba. Ndani yake umo mchango wa kila mchezaji aliyeketi mezani Montenegro, ikiwemo fedha ambayo Le Chiffre alitaka kumrudishia Obanno. Yule aliyesema kule Mbale kwamba kazi yake ni kuwakutanisha watu tu, ndiye aliyebaki nayo.